Risiti ya Upande Mmoja: Stori ya Kodi Isiolo na Kwa Nini Sasa Ni Zamu Yetu Kuuliza

Wasee, leo tuongee kuhusu risiti.

Najua kodi ya ardhi ni mada ya kulaza watu. Wengi wetu hatuna ploti. Tunakaa kwa wazazi ama tumepanga chumba Bulla Pesa, na tunaona hii ni stori ya wazee wenye hatimiliki kwa kabati. Lakini fikiria kidogo. Mwenye nyumba anapiga hesabu ya kila ada anayotozwa kabla akutajie bei ya chumba. Kinyozi, kibanda cha chai, duka la M-Pesa, zote zimekaa juu ya ploti ya mtu. Kwa hivyo hiyo kodi unailipa. Tofauti ni kwamba jina lako haliko kwa risiti.

Kodi ninayosema ni ile watu mtaani huiita reti. Usiichanganye na ile pesa mwenye ardhi ya lizi hulipa serikali kuu kupitia Wizara ya Ardhi. Reti ni ya kaunti. Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kimeipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali, yaani ardhi na majengo. Inatozwa hapa na inatumika hapa. Ndiyo maana ni kodi nzuri sana ya kuulizia maswali: barabara unaiona, taka unazinusa, taa ya soko unajua kama inawaka ama haiwaki.

Hoja yangu leo ni moja. Kwa zaidi ya miaka 100, risiti ya kodi huku kwetu imekuwa ya upande mmoja. Inathibitisha kwamba mwananchi amelipa. Haithibitishi kwamba serikali imefanya kitu. Na ukiangalia historia ya Isiolo, utaona hiyo haikutokea kwa bahati mbaya.

Kodi bila kiti

Mwaka wa 1901 Waingereza walianza kutoza kodi ya nyumba katika nchi ambayo leo ni Kenya. Una kibanda, lipa. Mwaka wa 1910 wakaongeza kodi ya kichwa, ili hata mwanamume asiye na nyumba yake asiponyoke. Lengo halikuwa kujaza hazina tu. Kodi ilitakiwa kwa pesa taslimu, na kwa wengi pesa taslimu zilipatikana kwa kwenda kufanya kazi ya mshahara, mara nyingi kwa shamba la mzungu. Ukikutwa bila risiti ya mwaka huo, uko na shida. Kwa hivyo risiti ilikuwa karatasi ya kujikinga na askari. Hakuna mtu aliyeitwa kwenye kikao akaambiwa, "Hizi pesa zenu zilifanya hivi na hivi."

Sasa linganisha na Nairobi ya wakati huo huo. Wazungu wa mjini nao walilipa kodi, ya ardhi, ambayo kufikia miaka ya 1920 ilitozwa kwa thamani ya kiwanja. Lakini wao walikuwa na baraza la mji. Walichagua madiwani na waligombana kuhusu bajeti. Wahindi, ambao pia walikuwa wanalipa, walipigania viti vyao miaka nenda miaka rudi. Yaani kodi ya ardhi ilipofika Kenya ilikuja na wazo fulani ndani yake: anayelipa anakaa mezani na anaona vitabu. Ila wazo hilo halikuwekewa Mwafrika. Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka wa 1944. Kutoka 1901 hadi 1944 ni miaka 43 ya kulipa bila hata mtu mmoja wako ndani ya hicho chumba.

Huku kaskazini mambo yalikuwa mazito zaidi. Eneo lote liliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile wazee bado wanaita NFD. Kuanzia 1926 lilifungwa. Kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Mwaka wa 1934 sheria ya wilaya maalumu ikawapa maafisa nguvu za ziada juu ya watu na mifugo yao. Isiolo ilikuwa lango. Hapa ndipo utawala ulikaa, hapa ndipo ng'ombe walizuiwa kwa karantini kabla ya kushuka chini. Ile tabia ya wazee kusema "naenda Kenya" wakimaanisha wanapita Isiolo kwenda Nanyuki ama Nairobi haikutoka hewani.

Watu waliotaka kulipa zaidi

Hii sehemu ndiyo inanishangaza kila nikiisoma.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwapa makao Isiolo baadhi ya Wasomali waliokuwa wametumikia jeshi la Uingereza. Wengi walikuwa wa jamii ya Isaaq. Tayari mwaka wa 1919 kulikuwa na sheria iliyoruhusu baadhi ya Wasomali kuhesabiwa tofauti na "wenyeji" kwa mambo fulani. Halafu ikaja kodi mpya ya kichwa ya 1936 kwa watu wasiokuwa wenyeji. Ilipanga watu kwa madaraja, na Wasomali wakawekewa kiwango cha chini kuliko Waasia.

Wewe ungefanya nini ukiambiwa utalipa kidogo? Ungenyamaza na kushukuru Mungu. Wao walikataa. Kati ya 1936 na 1941 Waisaaq wa Kenya waliendesha kampeni wakitaka kutozwa kodi kubwa zaidi, ile ya Waasia. Waliandika malalamiko hadi London. Wengine waligoma kulipa hicho kiwango cha chini.

Hawakuwa wendawazimu. Walikuwa wameelewa jambo ambalo wengi wetu leo tumesahau: kodi ni madai. Kiwango unacholipa kilikuwa kinasema wewe ni nani mbele ya serikali na serikali inakudai nini, lakini pia wewe unaweza kuidai nini. Kulipa kama Mwasia kulimaanisha kutambuliwa kama Mwasia, na kupata haki ambazo Mwafrika alinyimwa. Walitaka risiti yenye pande mbili.

Lakini tusiwape maua yote. Hii haikuwa harakati ya usawa. Mfumo ulikuwa ngazi ya rangi, na wao waliomba kupandishwa kidato kimoja, si ngazi ivunjwe. Mborana, Mturkana, Msamburu na Mmeru waliokuwa majirani wao hapa hapa hawakuwa kwenye hayo madai. Weka hilo kichwani, kwa sababu tutalirudia. Wazo kwamba kodi inakupa haki ya kuuliza lilikuwa sahihi kabisa. Wazo kwamba anayelipa zaidi astahili kuliko jirani yake ndilo lilikuja baadaye kutuumiza sisi sote.

Uhuru ulikuja na sheria ya kunyamaza

Mwaka wa 1963 Isiolo ilipata mkuu wa wilaya Mwafrika, Daudi Dabasso Wabera. Aliuawa mwezi wa Juni mwaka huo huo, pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Leo wadi ya katikati ya mji wetu ina jina la Wabera, na Nairobi kuna Wabera Street. Wengi hupita hapo bila kujua ni nani.

Baada ya hapo vikaja vita vya Shifta hadi 1967. Watu walikusanywa kwenye vijiji vya kulazimishwa, mifugo ikachukuliwa ama kuuawa, familia zilizokuwa na mali zikabaki maskini. Halafu mwaka wa 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga. Ilisema kwamba kwa yale maafisa waliyofanya wakati wa hiyo operesheni, Kaskazini Mashariki pamoja na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, huwezi kuwapeleka kortini. Hebu isome tena hiyo. Serikali huru iliandika sheria ya kuzuia watu wa maeneo fulani wasiulize.

Kwa upande wa pesa kulikuwa na karatasi nyingine. Mwaka wa 1965 serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10. Kwa lugha rahisi, ulisema pesa za maendeleo zielekezwe kule zitakakozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme tayari. Maeneo mengine yangesubiri. Isiolo ikakaa kwenye foleni ya kusubiri. Lami kutoka hapa hadi Moyale imekamilika miaka zaidi ya 50 baada ya uhuru.

Ukiuliza kwa nini watu wazima wa huku wana kasumba ya "achana na serikali", jibu liko hapo. Walifunzwa kwamba kuuliza ni hatari, na kwamba hata ukiuliza, wewe si wa kwanza kwenye orodha.

Baraza lililobaki na mifuko mitupu

Kuna kipindi kidogo ambacho kodi ya karibu ilikuwa na maana. Mara tu baada ya uhuru, mabaraza ya wilaya yalikuwa yanasimamia shule za msingi, zahanati na barabara, na yalitoza kodi ya kichwa ya kupanda kulingana na mapato ya mtu. Ungeweza kuonyeshwa darasa ukaambiwa, hili ni la baraza. Lakini kuanzia Januari 1970 serikali kuu ilichukua kazi hizo tatu kutoka kwa mabaraza ya wilaya, na hiyo kodi nayo ikawatoka. Mabaraza yakabaki na leseni, ushuru wa soko na mifugo, na reti kwa wachache wenye ploti zilizosajiliwa.

Hapo ndipo sura ya "kanjo" tunayoijua ilipotokea. Mtu wa kanjo ni mtu anakuja kuchukua. Kazi ya kutoa huduma kubwa ilikuwa imehamia Nairobi, kazi ya kuitisha pesa ikabaki mtaani. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuua imani ya mlipa kodi.

Jaribio la kurekebisha lilikuja mwisho wa miaka ya 1990. Hazina ya LATF iliundwa kwa sheria ya 1998, na mabaraza yakaanza kupewa sehemu ya kodi ya mapato. Kuanzia 2001 yalitakiwa kukaa na wakazi na kupanga miradi pamoja, mpango ulioitwa LASDAP. Kwa mara ya kwanza kwa wengi, mwananchi wa kawaida alikuwa na sababu rasmi ya kuingia mkutano wa pesa za baraza. Mpango ulikuwa na matatizo mengi, mikutano mingine ilikuwa ya kuweka tiki tu. Lakini mlango ulifunguka kidogo. Halafu Machi 2013 mabaraza yote 175 ya Kenya yakazikwa na kaunti zikazaliwa.

Sheria tunayo, kitabu hatujafungua

Sasa tuko kwa wakati wetu, na hapa hatuwezi kulaumu mkoloni.

Katiba ya 2010 inasema wazi kwenye kifungu cha 201 kwamba mambo ya pesa za umma yataendeshwa kwa uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa wananchi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kaunti ichapishe ripoti ya pesa kila robo mwaka, na iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi ambapo watu wasio wa serikali wanakaa pamoja na gavana na mawaziri wake. Makadirio ya bajeti yanafaa kufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Msimamizi wa Bajeti anatoa ripoti zake kila robo. Mkaguzi Mkuu anatoa zake kila mwaka. Na Desemba 2024 Rais alitia saini Sheria ya Kitaifa ya kodi ya ardhi, ikachukua nafasi ya sheria za tangu miaka ya 1950 na 1960.

Karatasi zipo. Shida ni hivi: pesa zote za kaunti huingia kwa mfuko mmoja mkubwa, mgao wa serikali kuu pamoja na mapato ya ndani. Kwa hivyo ukiuliza, "Reti ya ploti za Wabera ilijenga nini?", jibu la haraka utakalopewa ni kwamba shilingi haina jina. Na ni kweli, haina. Lakini makusanyo yana jina, yana tarehe na yana mahali. Matumizi pia yana mahali. Unaweza kabisa kubandika karatasi moja kwa mlango wa ofisi ya wadi: mwaka huu ploti ngapi zilitakiwa kulipa, ngapi zimelipa, kiasi gani kilisamehewa, na katika wadi hii kaunti ilitumia pesa ngapi kwa mradi gani. Ukurasa mmoja. Kwa Kiswahili.

Kumbuka pia daftari la thamani lenyewe, yaani orodha ya ploti na bei zake. Likizeeka, kodi inakuwa mzaha. Nairobi ilitumia daftari la mwanzo wa miaka ya 1980 kwa takriban miaka 40, mpaka lile jipya lilipoanza kutumika 2023. Mtu alikuwa na ghorofa mahali ambapo daftari lilikuwa limekumbuka kichaka. Kama mji mkuu ulifanya hivyo, sisi tuna haki ya kuuliza letu liko wapi na ni la lini.

Karatasi kwenye ukuta wa shule

Kuna mtu atasema kubandika karatasi hakubadilishi kitu. Twende Uganda basi.

Utafiti uliofanywa huko ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995, katika pesa za matumizi ambazo serikali kuu ilitoa kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, ni asilimia 13 tu kwa wastani iliyofika shuleni. Zilizobaki zilipotelea kwa wilaya. Serikali ikaanza kutangaza kwenye magazeti kila wilaya imetumiwa kiasi gani, na shule zikaagizwa kubandika kiasi walichopokea mahali wazazi wanaona. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wataalamu wengine wanasema si matangazo peke yake yaliyofanya kazi, kuna mageuzi mengine yalikuwa yanaendelea wakati huo, na naona wana hoja. Lakini angalia ni habari ya aina gani. Haikuwa kitabu cha kurasa 300 kwenye tovuti. Ilikuwa nambari moja, ya shule yako, mahali unapita kila siku.

Sasa tazama upande mwingine, Tanzania. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia luku, ukinunua umeme. Ilianza na shilingi 1,000 za huko kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa kukusanya, hiyo ni akili sana, hakuna kuficha wala kusumbuana. Lakini kukata pesa kwa urahisi na kuonyesha pesa ziliko ni kazi mbili tofauti. Kaunti zetu nazo zimewekeza sana kwa ile ya kwanza. Leo unalipa ada kwa simu na meseji inaingia papo hapo kwamba umelipa. Mfumo huo huo ungeweza kukutumia meseji mwisho wa mwaka kuhusu zilikoenda. Ni suala la nia, si teknolojia.

Mtego wa "sisi ndio tunalipa"

Hapa nataka tuwe waangalifu, hasa sisi wa mjini.

Siku tutaona nambari za kila wadi, zitaonyesha kitu kimoja haraka sana. Reti nyingi zitakuwa za Wabera, Bulla Pesa na sehemu za Burat na Ngare Mara zilizo karibu na mji. Sericho, Cherab na Chari zitakuwa karibu na sufuri. Si kwamba watu wa huko ni wakwepaji. Sehemu kubwa ya kaunti hii ni ardhi ya jamii, ya malisho. Haina ploti, haina daftari. Na hata mjini kuna watu wameishi miaka 30 na barua ya mgao tu, ama bila karatasi yoyote.

Mtu atasimama aseme: sisi tunalipa, wao hawalipi, kwa nini wachimbiwe kisima? Na katika Isiolo, unajua hiyo sentensi haikai sentensi ya wadi kwa muda mrefu. Inageuka ya kabila kabla ya jioni.

Hiyo ndiyo hoja ya Waraka Nambari 10 ikiwa imevaa nguo mpya. Nairobi ilituambia 1965 kwamba hatuzalishi vya kutosha, tusubiri. Tukiwaambia watu wa Sericho hivyo hivyo, tutakuwa tumejifunza somo vibaya. Na pesa kubwa ya ndani ya kaunti hii haitoki kwa ploti, inatoka kwa mbuga, Buffalo Springs na Shaba, kwenye ardhi ambayo wafugaji waliitumia kabla ya watalii kufika. Kwa hivyo nani hasa "hachangii"?

Wengine wanatumia hofu hii kusema afadhali nambari zisitolewe, zitaleta chuki. Mimi naona kinyume. Nambari zikifichwa, nafasi yake inachukuliwa na porojo, na porojo za Isiolo siku zote zina jina la ukoo fulani ndani yake. Karatasi ukutani inaweza kubishaniwa. Porojo huwezi hata kujua uanzie wapi kuipinga. Tutoe nambari, halafu tuseme wazi kanuni yake: kodi inakupa haki ya kuona na kuuliza, kila mtu sawa, aliye na ploti na asiye nayo. Haikupi haki ya kurudishiwa kama hisa za kampuni.

Tulisoma wa Nairobi, tusome na wetu

Juni 2024 kizazi chetu kilifanya kitu. Tulisoma Mswada wa Fedha. Watu waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaufupisha kwa video za dakika moja. Watu walipoteza maisha Juni 25. Siku iliyofuata Rais akasema hatautia saini. Hakuna atakayetuambia tena kwamba vijana hawaelewi mambo ya kodi.

Lakini kila kaunti ina Mswada wake wa Fedha, na unafaa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bajeti. Humo ndimo reti, leseni ya kibanda, ada ya soko na ya stegi zinapangwa. Wangapi wetu tumesoma wa Isiolo? Ni mfupi zaidi kuliko ule wa Nairobi, na aliyeuandika unaweza kukutana naye msikitini, kanisani ama kwa hoteli ya chai.

Kazi ya kuanza nayo ni ndogo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema unaweza kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili. Maombi yenyewe hayalipiwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Asiyejua kuandika lazima asaidiwe na afisa. Wana siku 21 za kujibu. Wakikataa ama wakinyamaza, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaita Ombudsman.

Mimi ningeuliza haya manne:

1. Daftari la thamani la mji wa Isiolo ni la mwaka gani, na lina ploti ngapi kwa kila wadi?
2. Kwa kila mwaka wa fedha tangu 2013, reti iliyotakiwa ilikuwa kiasi gani, iliyolipwa kiasi gani, na iliyosamehewa kiasi gani?
3. Ardhi ya taasisi za serikali kuu, zikiwemo kambi za jeshi zilizochukua eneo kubwa hapa, je, serikali hiyo imeilipia kaunti ule mchango wa badala ya kodi?
4. Katika kila wadi kati ya zile 10, kaunti ilitumia pesa ngapi kwa mradi gani mwaka jana, na mradi uko wapi?

Sisemi kuna mtu fulani amekula. Sina ushahidi huo na sitajifanya ninao. Nasema tu kwamba mpaka hayo manne yajibiwe, si mimi wala wewe wala gavana mwenyewe anayeweza kututhibitishia kwamba hakuna aliyekula.

Wanaume wa Isiolo wa 1936 waliandika barua hadi London, meli ikachukua majuma, na walikuwa hawana katiba inayowalinda. Sisi ofisi ya kaunti iko nauli ya bodaboda tu, na sheria iko upande wetu. Tuandike hiyo barua, tuweke tarehe, na tuhesabu siku 21. Wakijibu, tubandike majibu. Wasipojibu, tubandike barua yenyewe na tarehe tuliyoipeleka.